Lehemu na Ngome ya Mwili

Sifa mbaya ikimtangulia mtu katika mji ambao hajaufikia, huwa kazi kubwa kwake kuaminiwa hata akiingia kwa wema. Jambo hili huwapata wanadamu, na huvipata vitu pia. Kolesteroli ni kitu cha namna hiyo. Tangu ilipotajwa mara ya kwanza katika vitabu vya elimu imetajwa pamoja na maradhi. Ilionekana kwanza katika vijiwe vya nyongo katika karne ya 18. Na mapema katika karne ya 19 mkemia wa Kifaransa, Michel Eugène Chevreul, aliipa jina lililoungwa kwa maneno mawili ya Kiyunani, moja maana yake nyongo, na la pili maana yake kitu kigumu. Baadaye ilikutwa katika kuta za mishipa ya damu iliyoziba. Basi ikasimama mbele ya watu kama mshitakiwa aliyekamatwa mara mbili mahali pa tendo, wala hakuwapo wakili wa kuisemea.

Kiswahili kimeitazama kwa jicho jingine. Waandishi wa mambo ya afya katika Tanzania huiita lehemu, nalo ni neno la karakana. Fundi wa bati hutia lehemu mahali palipoachana ili birika lisivuje na taa isimwage mafuta. Jina la Kiyunani humwambia msikilizaji mahali kitu kilipookotwa. Jina la Kiswahili humwambia kazi kinayoifanya. Awe aliyelichagua alikusudia hivyo au hakukusudia, neno lake limeangukia ukweli ambao elimu imekuwa ikiuthibitisha polepole. Na sehemu ya ukweli huo, ihusuyo vita vya mwili na bakteria, imefahamika vema katika miaka ya karibuni tu.

Kila seli ya mwili wa mwanadamu imezungukwa na utando. Wembamba wa utando huo hauelezeki kwa mifano ya uzi wala ya karatasi, kwa sababu milimita moja ikigawanywa mara milioni, unene wake ni kama sehemu tano tu za mgawanyo huo. Mwaka 1925 wataalamu wawili wa Uholanzi, Gorter na Grendel, walichukua mafuta ya chembe nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji, wakaona kuwa yanatosha kuifunika kila chembe mara mbili. Hivyo ilijulikana kuwa utando una tabaka mbili za mafuta zilizolaliana. Katikati ya mafuta hayo imesimama lehemu. Katika kila molekuli kumi za mafuta ya utando wa nje, tatu au nne, na pengine zaidi, ni lehemu. Hiyo ndiyo inayozibana molekuli nyingine zisilegee, na ndiyo inayozitenga kidogo zisigande. Ikipungua mno, utando huvuja. Ikizidi mno, hukakamaa. Uzima u kati ya mambo hayo mawili.

Kitu chenye kazi kubwa namna hii mwili haukukubali kukitegemea sahani peke yake. Sehemu kubwa ya lehemu hutengenezwa na mwili wenyewe. Konrad Bloch na Feodor Lynen, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1964, walionyesha jinsi seli inavyounganisha vipande vidogo vyenye kaboni mbili mbili, hatua kwa hatua, mpaka lehemu yenye kaboni 27 inapatikana. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, waliopata tuzo kama hiyo mwaka 1985, walionyesha mlango ambao seli huutumia kuipokea lehemu iletwayo na damu, na jinsi mlango huo unavyofunguliwa wakati wa haja na kufungwa wakati wa shibe. Mlango huo ukiharibika tangu kuzaliwa, lehemu hurundikana katika damu na moyo huumia mapema. Kwa hiyo mashitaka ya zamani hayakuwa ya uwongo. Kosa lilikuwa kudhani kwamba mshitakiwa hana maisha mengine ila yale yaliyosomwa katika hati ya mashitaka.

Sasa yafaa kutazama walinzi. Mwaka 1882, katika mji wa Messina ulioko kisiwa cha Sicily, mtaalamu wa Kirusi, Élie Metchnikoff, alichoma miiba katika miili myangavu ya watoto wa kiti cha pwani, yule mnyama wa baharini mwenye umbo la nyota. Kesho yake aliona seli zimekusanyika na kuuzunguka kila mwiba kama watu wanaozingira jambazi. Aliziita walaji, na kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 1908. Walaji wakubwa katika mwili wa mwanadamu huitwa makrofaji. Makrofaji humeza bakteria, humfungia ndani ya kifuko chenye tindikali, na humsaga. Mtu aliyezoea hadithi za vita angefikiri habari imekwisha hapo: adui ameliwa. Walakini bakteria naye ameishi duniani muda mrefu, na ana silaha zake.

Katika silaha hizo iko jamii moja ya sumu iliyotengenezwa kwa akili ya kutisha, ikiwa neno akili laweza kutumiwa kwa kiumbe asiye nayo. Bakteria wengi hawana lehemu katika utando wao. Seli za wanyama zote zinayo. Basi sumu hizi huitafuta lehemu. Molekuli ya sumu huelea mpaka igusane na utando wenye lehemu iliyo wazi, hushika, na huita wenzake. Zikitimia thelathini na zaidi, hujipanga duara, kisha hujikita ndani kwa pamoja na kutoboa tundu. Maji na chumvi huingia, mali ya ndani hutoka, na seli isiyowahi kujiziba hufa. Bakteria mwenyewe haimdhuru, kwa kuwa hana kile ambacho silaha yake inakitafuta. Ni mtu aliyewasha moto wa kuchoma makuti, naye nyumba yake ni ya mawe.

Sumu hizi si nadra wala si za mbali. Bakteria wa maumivu ya koo, ambaye maradhi yake yakipuuzwa huweza kuacha homa ya baridi yabisi na moyo ulioharibika vali, ana streptolisini. Bakteria mkubwa wa kichomi na wa homa ya uti wa mgongo ana pneumolisini. Madaktari wa Afrika ya Mashariki, ambako moyo ulioharibiwa na homa hiyo ungali ukiwaonea vijana, huweza kuomba damu ya mgonjwa ipimwe kama ina kinga iliyotengenezwa juu ya streptolisini. Nao husoma katika kipimo hicho alama ya vita vilivyopiganwa wiki kadhaa nyuma, ambavyo uwanja wake ulikuwa lehemu.

Aliyewafunza wataalamu zaidi ya wengine katika habari hii ni Listeria. Bakteria huyu alielezwa mwaka 1926 huko Cambridge, Uingereza, katika sungura wa maabara waliokufa kwa maradhi yasiyojulikana. Wakati huo huo karibu, katika Afrika ya Kusini, J. H. Harvey Pirie alimkuta katika panya wa mwituni, naye ndiye aliyempa jina kwa heshima ya daktari mpasuaji Joseph Lister. Kwa miaka mingi alidhaniwa kuwa ni balaa la wanyama zaidi kuliko watu. Lakini hupita katika chakula, na hukua hata ndani ya jokofu, mahali ambapo watu huweka chakula ili kiwe salama. Katika miaka ya 2017 na 2018 Afrika ya Kusini ilipatwa na mlipuko wa maradhi yake ulio mkubwa kuliko wote uliopata kuandikwa duniani. Wagonjwa walizidi 1,000 na waliokufa walizidi 200, na sehemu kubwa ya wagonjwa walikuwa watoto wachanga walioambukizwa na mama zao kabla ya kuzaliwa. Chanzo chake kilikuwa poloni, nyama ya kusagwa ambayo huliwa na watu wenye kipato kidogo kwa kuwa bei yake ni nafuu.

Njia ya Listeria mwilini ni hii. Humezwa na seli. Akiwa ndani ya kifuko hutoa sumu yake, listeriolisini, ambayo hushika lehemu ya ukuta wa kifuko na kuutoboa. Hapo huwa huru ndani ya nyumba ya mwenyewe. Kisha huzikusanya nyuzi za protini za seli ile ile nyuma yake, akazifanya mkia wa kumsukuma, akaenda mbio mpaka kwenye utando wa nje, akausukuma kama kidole kinachosukuma kitambaa, mpaka akazama katika seli ya jirani. Huko hutoboa tena na kuendelea. Hupita nyumba hata nyumba bila kutoka barabarani, na askari wa damu waliotanda barabarani hawamwoni. Wahenga waliosema kikulacho ki nguoni mwako hawakumjua Listeria, walakini hawangalipata mfano mwema kuliko yeye.

Mwili hufanyaje juu ya mwizi wa namna hii? Hauwezi kuitupa lehemu, maana kuitupa ni kubomoa nyumba ili mwizi akose mahali pa kuiba. Jibu lake lilijulikana kwa kupitia mlango mwingine. Mwaka 1957, London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann waligundua kuwa seli zilizokutana na virusi hutoa kitu kinachowaonya majirani; wakakiita interferoni. Baadaye ilionekana kuwa onyo hilo hutolewa juu ya bakteria pia. Makrofaji ikiisikia interferoni huamsha kimeng'enya ambacho huichukua lehemu na kuipachika atomu moja ya oksijeni kwenye kaboni yake ya 25. Badiliko ni dogo. Mtu angeweza kulidharau. Lakini kitu kipya kilichopatikana, 25-hidroksikolesteroli, hutoka katika makrofaji na kwenda kwa seli za jirani kama mjumbe mwenye barua ya siri.

Mwaka 2020 wataalamu wa Marekani, wengine katika Dallas ile ile ya Brown na Goldstein, na wengine katika California, walieleza yaliyomo katika barua hiyo. Seli inayoipokea hufanya mambo matatu. Huacha kutengeneza lehemu mpya. Hupunguza milango ya kuipokea ya damuni. Na lehemu iliyo wazi juu ya utando huivuta ndani, ikaifunga pamoja na asidi ya mafuta na kuiweka akiba katika matone. Sumu ikija hugusa utando na kupita, haikuona mahali pa kushika. Makrofaji zilizoonywa hivyo zilistahimili sumu ambazo zingaliziua. Na katika seli zilizopewa mjumbe huyo, Listeria, na Shigella aletaye tumbo la kuhara damu, walishindwa kuenea kutoka seli moja hata nyingine kama ilivyo desturi yao.

Jambo la kustaajabisha zaidi ni uchache wa kilichoondolewa. Wataalamu wa Dallas walikuwa wamekwisha onyesha, mwaka 2014, kuwa lehemu ya utando wa nje ina mafungu matatu. Fungu moja limeshikwa na mafuta mengine ya utando, na sumu hailifikii. Fungu la pili ni la lazima kwa uhai wa seli, na likiondolewa utando huharibika. Fungu la tatu liko wazi, huja na kwenda kwa kadiri ya haja. Mjumbe wa 25-hidroksikolesteroli huliondoa hili la tatu. Mtu akipima lehemu yote ya seli kabla ya onyo na baada yake, aweza kudhani kuwa hakuna kilichotendeka. Nyumba ni ile ile, kuta ni zile zile, mali karibu yote ingalipo. Ila komeo lililokuwa likionekana nje limeingizwa ndani.

Kama habari ingeishia hapa, ingekuwa hadithi njema ya mwenye nyumba mwerevu na mwizi aliyeaibika. Lakini mwili hauna adui mmoja, na hila inayomshinda huyu yaweza kumfaa yule. Bakteria wa kifua kikuu, ambaye Robert Koch alimtangaza mbele ya wanachuoni wa Berlin tarehe 24 Machi 1882, ana tabia nyingine. Yeye hali haraka ya kutoboa. Humezwa na makrofaji, akakaa humo miezi na miaka, na chakula chake kimoja ni lehemu ya mwenyeji wake. Mwaka 2008 wataalamu wa Marekani walionyesha kuwa bakteria huyo ana chombo maalumu cha kuivuta lehemu ndani yake, na kuwa akinyimwa chombo hicho hushindwa kudumu katika mapafu ya wanyama walioambukizwa kwa muda mrefu. Tena haja yake ya lehemu ilionekana kuwa kubwa katika makrofaji zile zile zilizoamshwa na interferoni. Katika vidonda vya kifua kikuu makrofaji zilizojaa matone ya mafuta, kiasi cha kuonekana kama povu, ni jambo la kawaida. Akiba ambayo mbele ya Listeria ni busara ya mwenye nyumba, mbele ya kifua kikuu yaweza kuwa ghala lisilofungwa.

Yuko na wa tatu. Bakteria wa vidonda vya tumbo, Helicobacter pylori, huichukua lehemu ya seli za tumbo na kuiunga na sukari kisha huivaa. Akiwa katika vazi hilo walaji humwacha kwa urahisi zaidi kuliko akiwa uchi. Huyu hatafuti lehemu ili avunje, wala ili ale tu. Huitafuta ili afanane na wenyeji. Bakteria watatu, lehemu moja, nia tatu: mmoja huifanya shabaha, wa pili chakula, na wa tatu kanzu. Mwili hauna budi kuitunza lehemu hiyo hiyo mbele ya wote watatu, na hauwezi kuchagua siku ya kukutana na kila mmoja.

Hapa ndipo haraka ya wanadamu inapokuwa hatari. Mtu akisikia kuwa kupunguza lehemu ya juu ya utando huzuia bakteria, huruka na kusema: basi, mgonjwa na anywe dawa ya kupunguza lehemu. Dawa hizo zipo. Zilianzia katika kazi ya Akira Endo wa Japani, aliyezipata katika kuvu katika miaka ya 1970, nazo zimewakinga watu wengi na maradhi ya moyo. Lakini jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2014, ambamo dawa ya namna hiyo ilipewa wagonjwa wenye mapafu yaliyoshindwa kwa sababu ya maambukizo makali ya mwili mzima, halikuonyesha kuwa vifo vilipungua. Tena katika maambukizo makali kama hayo lehemu ya damu hushuka yenyewe, na waliopungukiwa sana aghalabu ndio walio katika hatari kubwa. Maana vichukuzi vya lehemu katika damu ndivyo pia vinavyoshika na kubeba baadhi ya sumu za bakteria, hata zikadhoofu.

Asiyetofautisha mambo ataona hapa ukinzani: lehemu ipunguzwe au iongezwe? Lakini swali lenyewe limekosewa. Lehemu iliyo katika damu, iliyo juu ya utando, iliyo katika akiba ya ndani na iliyovikwa oksijeni moja ni kitu kimoja kwa jina, na vitu vinne kwa kazi. Mwili haukuulizwa kama unapenda lehemu au unaichukia. Uliulizwa iwe wapi, kwa kiasi gani, saa gani, na kwa muda gani. Hata mjumbe mwenyewe, 25-hidroksikolesteroli, ana gharama yake. Hutuliza uvimbe usije ukaunguza nyumba pamoja na mwizi, na hilo ni jema; lakini vilevile hupunguza utengenezaji wa kinga moja ilindayo utumbo na njia ya pumzi. Hapana ulinzi usio na gharama, ila gharama nyingine hulipwa katika chumba ambacho mtazamaji hakukifungua.

Maarifa haya yana faida kwa mganga, na pengine siku moja yatamfaa mgonjwa. Vijidudu vinavyozizoea dawa vinaongezeka duniani, na dawa mpya za kuviua hazipatikani kwa wepesi ule wa miaka ya kati ya karne iliyopita. Njia ya kumfunza mwili kujificha mbele ya sumu, badala ya kumwua bakteria peke yake, yastahili kutafutwa kwa subira. Subira ndiyo sharti lake. Kwani atakayeificha lehemu kwa ajili ya Listeria katika nchi yenye kifua kikuu kingi hana budi kujua kwanza anayemfungulia ghala.

Kwa mwanafunzi ambaye si mganga faida iko pia. Mwanadamu hupenda kuvigawa vitu katika mafungu mawili, vya kupendwa na vya kuchukiwa, kwa sababu mgawanyo huo hupunguza kazi ya kufikiri. Lehemu imeishi karne mbili na zaidi chini ya mgawanyo huo. Ilihukumiwa kwa haki katika mishipa ya moyo, na hukumu ikaenezwa kwa dhuluma mahali pengine pote. Wakati huo wote ilikuwa imesimama katika utando wa kila seli ya kila hakimu wake, imebana kuta zake, na adui alipobisha ilirudi ndani ikangoja hatari ipite.